Laptopu ndogo: nyepesi kubeba, ngumu kufunga!

Mimi mhariri wenu nipo, mzima wa afya, ila mwezi huu naomba niweke pembeni kidogo habari za mahari, wachumba wasiopokea simu na kadhalika. Nataka tuongelee chombo. Ndiyo, chombo! Nimenunua laptopu ndogo, nina wiki tano nayo, na imenifundisha jambo ambalo sikulishika vizuri miaka yote ile niliyosomea mawasiliano chuo kikuu. Wale msiopenda habari za mashine msifunue ukurasa mwingine haraka. Wifi yangu atatokea huko mbele, na wifi akitokea, si mnajua tena.

Kwanza niwaambie nilikotoka. Kwa miaka sita nimebeba laptopu ya inchi 15.6, zile pana kama sinia la pilau. Jina la kampuni naliacha, maana ilinitumikia na marehemu hasemwi vibaya. Yenyewe na chaja yake, ile yenye tofali katikati ya waya, ilikuwa inakaribia kilo tatu. Weka na daftari, chupa ya maji, viatu vya kubadilisha na kanga (maana safari bila kanga si safari), basi ukishuka kwenye gari bega la kushoto linawaka moto. Mama mmoja anayenikanda mgongo pale Sinza aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, kwani wewe unachota maji?" Nikamwambia hapana mama, ni kompyuta. Akasema, "Basi hiyo kompyuta haikupendi."

Na betri nayo ilikuwa imechoka. Ukichomoa kwenye umeme, dakika arobaini, giza. Kwa hiyo kila nikifika mahali, hata kabla ya salamu, macho yanatafuta soketi. Nimewahi kukaa sakafuni kwenye nyumba ya wageni Mwanza na gauni langu zuri kabisa, kwa sababu soketi pekee iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa nyuma ya friji la soda. Ikumbukeni hii habari ya betri, nitairudia.

Kazi yangu ni ya safari. Leo Arusha kumhoji mbunifu wa mavazi, kesho Unguja, keshokutwa natakiwa ofisini kurasa ziende kiwandani. Na najua sipo peke yangu. Maafisa mikopo, wakaguzi wa hesabu, watu wa miradi, waendesha semina, ninyi mnaotembeza dawa za kampuni hospitali kwa hospitali: ofisi yenu iko ndani ya mkoba. Ndiyo maana nimeona niandike.

Siku ya kwanza

Niliyonunua ni MacBook Air ya M1. Si mpya ya kwenye boksi, nisiwadanganye, imeshatumika. Apple waliitangaza Novemba 2020, na walipoleta toleo la M3 Machi 2024 wenyewe wakaiondoa kwenye orodha yao. Lakini Kariakoo haifuati orodha ya mtu. Nilitoa milioni moja na laki tatu na nusu, baada ya kubembelezana na kijana muuzaji karibu saa nzima, na soda juu.

Kitu cha kwanza nilichofanya kiliwachekesha watu mtaani kwetu. Nilikwenda nayo dukani kwa Mangi nikaomba aiweke kwenye mizani yake ya sukari. Kilo moja na robo na ushee kidogo. Kampuni wanasema kilo 1.29, kwa hiyo nawatangazia majirani wote kwamba Mangi hapunji! Ile ya zamani sikumpelekea, nisije nikamharibia mizani.

Kioo chake ni cha inchi 13.3. Mwanzoni nikaogopa, maana mimi nafungua kurasa mbili za gazeti sambamba, na kweli pale zinabanana. Lakini maandishi yanasomeka safi mno, na baada ya siku tatu macho yalishazoea. Ukiifunga, sehemu yake nene kabisa ni sentimita 1.6, na mbele imechongoka kama kisu cha siagi. Inaingia kwenye mkoba wangu wa kawaida, ule ninaokwenda nao hata harusini. Siku ya kwanza nilipoingia nayo ofisini bila lile begi kubwa mgongoni, mpigapicha wetu akaniangalia juu mpaka chini akauliza, "Dada, leo hufanyi kazi?"

Halafu kimya chake! Haina feni ndani kabisa. Ile ya zamani nikifungua picha nyingi ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga unga, mpaka mume wangu akiwa jikoni anajua sasa mama yuko kwenye picha. Hii hata pumzi haisikiki. Mimi nikaona raha tupu. Na hiki kimya nacho mkiweke akilini.

Ukitaka kujua tumetoka mbali, mwaka 1981 kule Marekani ilitoka kompyuta inaitwa Osborne 1, ikauzwa kwa sifa kwamba inabebeka. Uzito wake ulikuwa kilo 11, kioo inchi 5, na betri haina! Yaani unabeba karibu nusu ya mfuko wa mchele, ukifika bado utafute umeme. Mwaka 2007 Asus wakaleta Eee PC yenye kioo cha inchi 7, chini ya kilo moja, watu wakaanza kuona kumbe inawezekana. Januari 2008 Steve Jobs akasimama jukwaani San Francisco akachomoa MacBook Air ya kwanza kutoka kwenye bahasha ya kaki. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bei yake ilianzia dola 1,799, kwa hiyo wengine tulipiga makofi tukiwa mbali.

Safari ya Dodoma

Wiki ya pili nikapata semina Dodoma. Hapo ndipo nilipoijaribu kwelikweli. Nikapanda SGR, ile treni ya umeme iliyoanza kupeleka abiria Dodoma Julai 2024, nikakaa dirishani, nikaiweka mapajani. Makala nilikuwa nimeshazishusha usiku wake, ili mtandao ukipotea porini kazi isisimame. Nawashauri na ninyi mfanye hivyo, msitegemee bando la simu njia nzima.

Tukapita Morogoro, tukaingia kwenye mahandaki ya Kilosa, mtandao ukaenda zake, mimi nahariri tu. Mapaja hayakuungua. Abiria wa jirani, mzee mmoja wa makamo mwenye koti lake safi, akaniuliza, "Binti, hiyo umeichomeka wapi?" Nikamwambia sijaichomeka popote, mzee wangu. Akatikisa kichwa. Niliondoka Dar ikiwa asilimia mia, tukiingia Dodoma inasoma 64, na nimeshamaliza makala saba. Apple walipoitoa walisema betri mpya inafika saa 15 za kuperuzi intaneti. Yangu ina umri wake, lakini nikipunguza mwanga wa kioo napata saa tisa hivi, yaani siku nzima ya kazi. Kwa mtu aliyetoka kwenye dakika arobaini, hiyo ni miujiza.

Lakini aibu nayo haikukosekana. Laptopu hii ina matundu mawili tu ya USB-C, yote upande wa kushoto, na upande wa kulia tundu la visikilizio, basi. Tundu la HDMI la kuchomeka projekta halipo. Hilo linajulikana, ni mimi ambaye sikujiandaa. Kwa hiyo nikajikuta nimesimama mbele ya watu arobaini na waya wa projekta mkononi, nazungushazunguka kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano gizani. Kijana mmoja wa kamati akaniokoa na adapta yake. Kesho yake asubuhi na mapema nikanunua ya kwangu, na sasa haitoki mkobani.

Ijumaa nikarudi Dar. Na hapa ndipo palipo na utamu: kazi yote ilikuwa imebaki njiani. Kwa kawaida nikirudi safari, naingia ndani, nawasalimia, nala haraka, naenda mezani kuhariri mpaka saa sita usiku. Siku ile nilikuwa sina cha kufanya! Tukala pamoja, mwanangu Nuru akanisuka mabutu mawili ya ajabu, tukacheka. Baba Nuru akaiangalia ile laptopu pale kwenye kabati akasema, "Hii ningejua tungeinunua zamani."

Kabla hujatoa hela

Kwa wale ambao mkono umeshaanza kuwawasha, ngojeni kwanza. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine kabla ya kununua, mengine baada:

*Chipu.* Mwaka 2020 zilitoka MacBook Air mbili, moja ya Intel, nyingine ya M1, na kwa nje ni mapacha. Usimwamini muuzaji kwa macho. Bonyeza alama ya tofaa juu kushoto, fungua mstari wa kwanza kwenye orodha, usome mwenyewe. Iandike Apple M1. Mfumo uliotoka 2025, macOS Tahoe, unakubali Air ya M1 lakini Air ya Intel imeachwa nje. Tofauti si ndogo.

*Betri.* Mashine yenyewe inahesabu mizunguko ya kuchajiwa. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Kwa laptopu hii Apple wanahesabu kikomo cha mizunguko 1,000. Yangu niliikuta na 212, nikatabasamu kimoyomoyo bila kumwonyesha, asije akapandisha bei.

*Mwenye wa zamani.* Hakikisha ameshajitoa kwenye akaunti yake. La sivyo, siku utakayoifuta ili uanze upya, itakuomba nywila ya mtu usiyemjua, na hapo umenunua sinia la kupakulia chapati. Ifutwe na kuwashwa upya mbele yako, ikiwa kwenye intaneti, ndipo utoe hela.

*Kumbukumbu.* Ipo ya GB 8 na ya GB 16, na ukishanunua haiongezwi, si kwa fundi wala kwa mganga. Mimi nina 8, inanitosha kwa maandishi na picha. Anayetengeneza video atafute 16.

*Kamera.* Ni ya 720p, picha ya kawaida tu. Kwenye mikutano ya mtandaoni kaa mkabala na dirisha utapendeza. Ila vile vifuniko vya plastiki vya kubandika juu ya kamera, acha kabisa. Apple wenyewe wameonya kwamba ukifunga laptopu na kifuniko kipo unaweza kuharibu kioo.

*Chaja.* Yake ni ya USB-C, wati 30, ndogo ya kushika kiganjani. Hata chaja ya simu yenye waya wa aina hiyo inaweza kuisogeza polepole. Mimi siku hizi natembea na chaja moja kwa simu na kompyuta.

*Ndege.* Betri yake ni Wh 49.9, wakati kikomo cha kawaida kwa abiria ni Wh 100 bila kuomba kibali. Ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi linalokwenda chini.

Na kama hupendi tofaa, si lazima. ThinkPad X1 Carbon zilizotumika zipo, nazo zina uzito wa kilo moja na kidogo. Kanuni yangu ni rahisi: isizidi kilo moja na nusu, ichajiwe kwa USB-C, na betri imalize siku.

Hapo ningeishia ningekuwa nimewapa makala nzuri ya mashine. Lakini hili ni gazeti la mahusiano, jamani. Na nimemwomba Baba Nuru ruhusa ya kuandika yanayofuata, ameyasoma kabla yenu.

Sasa tuingie chumbani

Ile laptopu kubwa ilikuwa na makazi yake: mwisho wa meza ya kulia chakula, karibu na soketi. Ilikuwa haitoki pale. Nani abebe mzigo ule mpaka kitandani? Na hata ningeubeba, dakika arobaini zimekwisha. Kwa hiyo nikisema nakwenda kulala, kazi ilibaki sebuleni.

Hii ndogo haikubaki. Wiki ya kwanza ilikaa mezani. Wiki ya pili ikahamia kwenye sofa, eti naangalia taarifa ya habari huku nasoma barua pepe. Wiki ya tatu nikajikuta niko nayo kitandani, imekaa tumboni kama paka. "Namalizia hii moja tu." Ikiisha hiyo, nyingine. Betri ndiyo kwanza asilimia 70, nani wa kunizuia?

Tena nikaona kwa kuwa nafanya kazi haraka, nina nafasi. Nikakubali kazi ya pembeni, kuhariri kitabu cha shirika fulani. Yaani zile saa nilizoziokoa kwenye treni, nilizokula na kusukwa mabutu, nikazichukua nikaziuza. Hela nilizipenda, sikatai.

Jumanne moja usiku, taa imezimwa, Baba Nuru amelala upande wake amegeukia ukutani. Nimepunguza mwanga wa kioo mpaka mwisho ili nisimsumbue, si ndiyo upendo? Akaanza kuongea. Sauti ya chini, taratibu. Mimi niko kwenye aya moja ngumu ya yule mwandishi wa shirika. Nikaitikia "mh." Akaongea tena. Nikaitikia "mh-mh." Akanyamaza kidogo, akasema kitu kingine. Nikasema, "Sawa Baba Nuru, tutaongea kesho." Nikatuma faili, nikafunga, nikalala usingizi mtamu.

Kesho yake alfajiri nikaenda bandarini, nikavuka Unguja kwa kazi ya siku tatu.

Ijumaa niko Forodhani nasubiri mishikaki, simu ikaita. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtu mwema tu ila hapitwi na jambo. "Wifi, pole sana."

"Pole ya nini tena wifi?"

"Ya kaka. Si amesema mkataba wake hawauendelezi?"

Mpenzi msomaji, mate yalinikauka. Unajua nilijibu nini? Nilisema, "Aah, asante wifi. Tumeshaongea, tunamwachia Mungu." Tumeshaongea! Mimi, mhariri wa gazeti la mahusiano, ninayewaambia kila mwezi msikilizane, nasimama pale na mishikaki inaungua namdanganya wifi ili asijue kwamba habari za mume wangu nazisikia kwake.

Jumamosi nikafika nyumbani. Nikasubiri Nuru alale. Nikamuuliza, tena kwa ukali kidogo, kwa nini dada yake ajue kabla yangu.

Akaniangalia. "Nilikuambia. Jumanne."

"Uliniambia?"

"Nikakuambia wameniita, miezi miwili imebaki, baada ya hapo basi. Nikakuuliza ada ya Nuru ya muhula ujao tutafanyaje. Ukasema sawa, tutaongea kesho."

Sikuwa na la kusema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akaendelea, "Unajua, ile kubwa ilikuwa inanguruma. Nikiisikia najua uko kazini, nanyamaza, nasubiri. Hii haina sauti. Mtu unaongea hujui kama yupo au hayupo."

Nimekuwa nikilitafakari hilo tangu siku ile. Chuo walitufundisha mfano wa Shannon na Weaver wa mwaka 1949: kuna mtuma ujumbe, kuna mpokeaji, na katikati kuna kelele zinazoharibu ujumbe. Nilijibu vizuri sana swali hilo kwenye mtihani. Kumbe kwenye chumba changu kelele ndiyo iliyokuwa inatusaidia. Ile mashine chakavu, nzito, inayonguruma na kuzimika, ilikuwa inamwambia mume wangu lini nipo na lini sipo, na inanilazimisha niache kazi hata nisipotaka. Mpya imeondoa kasoro zote hizo. Na mimi sikuwa nimejiandaa kuzifanya mwenyewe zile kazi zilizokuwa zinafanywa na kasoro.

Tulivyokubaliana

Laptopu sasa inalala sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na chaja iko palepale. Chumbani haiingii, iwe na betri asilimia mia au tano. Saa tatu usiku inafungwa. Polisi wa jambo hili ni Nuru mwenyewe, umri wake miaka saba, hana rushwa. Na kama nina kazi ya dharura kweli, nasema kwa mdomo: "Baba Nuru, nipe nusu saa, nina kazi." Yaani nanguruma mimi badala ya feni! Nusu saa ikiisha nafunga kifuniko chote mpaka chini, siyo kukiinamisha nusu huku jicho moja lipo ndani. Wanawake wenzangu na wanaume mliooa, hicho kifuniko kilichoinama nusu mnakijua.

Nimeshavunja sheria mara mbili, nikiri. Mara moja nilijificha jikoni, nikakamatwa na Nuru aliyefuata maji ya kunywa.

Na ile kazi ya pembeni sikuiacha. Ningependa kuwaandikia kwamba niliirudisha kwa ajili ya familia, ingependeza, lakini ada ya shule haijui mapenzi, na sasa kila shilingi ina kazi yake. Nimeihamishia saa kumi na moja alfajiri, wao wakiwa wamelala, na saa kumi na mbili naifunga nachemsha chai. Baba Nuru anaichukua laptopu jioni, anaandika barua za maombi ya kazi. Ameshapeleka sita. Juzi nilimkuta anaandika, nikataka kumuuliza amemaliza wapi, nikaona macho yake yako kwenye kioo. Nikakaa pembeni nikasubiri. Aliponiona akafunga kifuniko chote. "Sema," akaniambia.

Kwa hiyo ukiniuliza kama laptopu hii inafaa kwa mtu wa safari, nitakujibu inafaa sana, bega langu ni shahidi, na yule mama wa Sinza amepoteza mteja. Ila siku ukiileta nyumbani, kabla hujaichajisha, kaeni wote muamue italala wapi. Yenyewe haichoki, na haitakuambia uache.

Na wewe msomaji, kazi yako inalala wapi? Niandikieni, na mkiandika mkiwa kitandani, naomba kwanza mgeuke muone aliye pembeni kama alikuwa anasema kitu.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Nawapenda!